Uliza Fundi: Kitambaa cha kufutia ndicho kinachochagua karatasi

SWALI

Fundi, habari za Mwanga? Nina mashine sita huku Simbo: nne za kukamua mawese, moja ya mise (kokwa za mchikichi) na moja ya kuchanganya sabuni. Mwaka jana nilichapisha stika za vinili za kubandika kwenye maboksi ya swichi. Hazikumaliza miezi minne, maandishi yakafutika. Mwezi uliopita kijana mgeni alitaka kuzima mashine ili mwenzake atoe makapi yaliyokwama, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mwenzake alikuwa hajaingiza mkono, namshukuru Mungu. Sasa nimeshauriwa nihamie polikaboneti, zile karatasi za plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Nimeletewa bei za aina tatu: inayong'aa ya milimita 0.25, ya velveti ya 0.175, na nene ya 0.5. Zote ni karibu mara nne ya bei ya vinili. Nichukue ipi? Na kweli zitadumu, au nitatupa hela tena?
Mama wa mashine, Simbo, Kigoma

JIBU

Dada yangu, Mwanga tunaendelea vizuri. Barua yako niliisoma, nikarudia pale ulipomtaja yule kijana, nikaona hili si la kujibu nikiwa nimekaa. Jumamosi nilipanda gari nikaja, ukanikaribisha, na uliniona nimesimama muda mrefu mbele ya boksi la mashine ya tatu. Wacha niwaeleze na wasomaji wengine nilichokuwa nakitazama.

Ubavuni mwa lile boksi kuna msumari, na kwenye msumari limetundikwa pande la kitenge kilichochakaa. Linanuka petroli. Vijana wako waliniambia kila jioni wanalichovya kwenye kopo na kufuta mawese yaliyoganda juu ya boksi, maana petroli inang'oa mafuta mara moja. Nililichukua nikasugua kona ya stika iliyokuwa bado na rangi. Mara mbili tu. Kitenge kikarudi na wekundu. Nikajua hapo hapo kwamba stika zako hazikuuawa na jua wala na mchapaji. Zilifutwa jioni baada ya jioni na watu wanaojitahidi kuweka mahali pasafi.

Ndiyo maana mteja akija kwangu kuuliza anunue karatasi gani, mimi humuuliza kwanza paneli yake, yaani ile karatasi yenye maandishi ya swichi, itafutwa kwa kitu gani, na nani ataifuta. Unene, mng'ao na bei vinafuata nyuma.

Kwenye stika zako wino ulikaa juu ya vinili, uchi, bila hata karatasi angavu ya kuufunika. Kwenye polikaboneti tunachapa kwa nyuma. Karatasi yenyewe inaonyesha upande wa pili, kwa hiyo maandishi tunayageuza kama yanavyoonekana kwenye kioo na tunaanza na yale ambayo kwa kawaida yangekuja mwisho: herufi kwanza, halafu alama, halafu rangi ya mji, ile inayojaza nafasi yote nyuma ya maandishi. (Nasema mji kama kwenye khanga, fundi mwenzangu aliyenifundisha skrini, yaani kuchapa kwa kupitisha wino kwenye wavu, alikuwa akisema hivyo, nami nimeshindwa kuacha.) Ukiigeuza, herufi zinasomeka sawasawa zikiwa chini ya plastiki, kama kokoto unavyoziona chini ya maji ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Kidole, mchanga na mafuta vinaishia juu. Wino hauguswi na mtu, na gundi inakaa nyuma yake.

Mwambie mchapaji wako rangi ya mji aipitishe mara mbili. Ukichapa mara moja kisha ukainua karatasi kuelekea dirishani, utaona vitundu vya mwanga kama nyota. Kwenye boksi lenye taa ndani, nyota hizo ndizo zitakazowaka usiku badala ya taa yenyewe.

Polikaboneti si kitu kigeni kwenu. CD za zamani zimetengenezwa kwayo. Iligunduliwa mwaka 1953 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake: Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Wajerumani wakaiita Makrolon, Wamarekani wakaiita Lexan, na mpaka leo wapo wauzaji ambao ukiwaomba Lexan watakupa karatasi yoyote ngumu inayopitisha mwanga. Hilo nitalirudia kwa msomaji wa Kasulu. Kwenye paneli inapendwa kwa sababu haivunjiki ikigongwa, inapokea wino bila kubembelezwa, na hailainiki mpaka joto lifike kama nyuzi 147 za Selsiasi, wakati vinili hulegea hata kabla maji hayajachemka.

Sasa ubaya wake, na hapa wauzaji wengi hunyamaza. Polikaboneti haiwezi petroli. Haiwezi thina, haiwezi asetoni, haiwezi soda kali ya kutengenezea sabuni, na amonia nayo inaila. Haiyeyuki papo hapo ukaona. Inapata nyufa ndogondogo, hasa mahali ilipokunjwa au ilipovutwa, kisha siku moja inakatika kama biskuti.

Niliwahi kutengeneza paneli ya mashine ya kusaga kwa mteja wa Gungu. Mwendeshaji alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Alitaka kitufe cha kuzimia kionekane vizuri zaidi, akachukua rangi ya kucha ya binti yake akachora duara jekundu kukizunguka. Nilipopita pale baada ya wiki chache, kando ya lile duara kulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, ambazo huzioni mpaka uinamishe kichwa zishike mwanga. Mmoja ulikuwa umefika kwenye kona ya dirisha la taa, kona ambayo niliikata kali kama ya sanduku. Rangi ya kucha huchanganywa na viyeyusho vya ukoo mmoja na asetoni. Lakini kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mara mbili: sikumuuliza yule mama anaonaje, na niliacha kona kali. Ningemchapia duara kubwa tangu mwanzo, asingehitaji rangi ya kucha. Tangu siku hiyo kila dirisha ninalokata kwenye polikaboneti lina kona za mviringo, angalau milimita 2, kwa sababu ufa unapenda kuanzia kwenye ncha.

Kwa mashine zako nne za mawese na ile ya mise nakushauri hivi: chukua polikaboneti, lakini kopo la petroli liondoke. Maji ya uvuguvugu na sabuni yako mwenyewe, ile isiyo kali, yanatoa mawese vizuri, ila inabidi ufute kabla hayajaganda. Mafuta yakigoma, spiriti kidogo kwenye kitambaa haiidhuru. Mawese yenyewe, kwenye karatasi iliyobandikwa bapa, sijaona yakiiharibu. Kama unajiona huwezi kuwazuia vijana na petroli, niambie ukweli, hakuna ubaya. Basi hapo usinunue polikaboneti hata kama ni ya bure. Nunua poliesta, karatasi ya plastiki ya aina nyingine, yenye uso uliokazwa. Poliesta inavumilia petroli na thina kuliko mwenzake huyu, na kama vitufe vyako ni vile vya kubonyea juu ya karatasi yenyewe, poliesta inakunjwa na kurudi mara milioni na zaidi pale ambapo polikaboneti ingekuwa imechoka zamani. Vya kwako ni vitufe vya kawaida vinavyotokea kwenye tundu, kwa hiyo hilo halikuhusu.

Mashine ya sabuni ni habari nyingine. Pale nimeona matone ya soda yamekauka meupe juu ya boksi. Polikaboneti isikanyage. Poliesta itaishi zaidi, ila nayo soda nzito inaila taratibu. Dawa ni kulihamishia boksi ukutani, hatua mbili kutoka kwenye pipa, mahali ambapo mtu anafika kwa mkono lakini tone halifiki. Na kwenye mashine za mawese, usibandike kitu upande ule mvuke wa sufuria ya kuchemshia unapopiga. Polikaboneti inavumilia joto kavu, lakini maji ya moto na mvuke wa kila siku vinaidhoofisha.

Kuhusu zile aina tatu ulizopewa bei. Inayong'aa achana nayo: kila mkwaruzo utauona, na saa nane mchana, mlango wa banda ukiwa wazi, mwanga utarudi machoni na WASHA na ZIMA vitapotea vyote. Ya 0.5 ni ngumu mno kwa maboksi yenu ambayo yamebonyea. Itakataa kufuata umbo na kona zitanyanyuka. Hiyo ni ya vibao vya kupigilia ribiti. Uso wa velveti ndio unaotakiwa, maana unaficha mikwaruzo na hauna mng'ao wa kuumiza macho. Muulize muuzaji velveti ya 0.25. Kama hana, chukua hiyo velveti ya 0.175 na unyooshe maboksi kwanza, kwa sababu karatasi nyembamba inaonyesha kila punje ya mchanga iliyobaki chini yake.

Boksi la mashine ya mise lina saa ya umeme ya kusoma ndani, na hapo velveti ina hila yake. Chukua kipande, kilaze juu ya gazeti: kila herufi inasomeka. Sasa kiinue upana wa kidole gumba. Herufi zimekuwa ukungu. Kwa hiyo mahali pa kusomea namba, kama saa imezama nyuma ya karatasi, mchapaji akate dirisha au apake vanishi ya kung'arisha sehemu hiyo tu.

Kwenye maandishi usibane nafasi. WASHA na ZIMA kwa Kiswahili, herufi kubwa, na pembeni mwa kila neno weka alama ya kimataifa: mstari wima kwa kuwasha, duara kwa kuzima. Kijana ambaye hajui kusoma atashika alama ndani ya siku moja. Kila mashine iwe na kitufe cha dharura, kile chekundu chenye kichwa cha uyoga, na nyuma yake rangi ya mji iwe njano. Njano hiyo isitumike mahali pengine popote kwenye paneli. Hili nakuomba kama ndugu: hata kama hela ya polikaboneti haijapatikana, kesho asubuhi andika kwa rangi ya mafuta na brashi. Usingoje mchapaji.

Siku ya kubandika, futa boksi kwa spiriti, kitambaa kipya kila boksi, acha likauke, usiliguse tena kwa kiganja. Anza upande mmoja, bandua karatasi ya gundi kidogokidogo, ukisukuma hewa kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa. Gundi nzuri ya akriliki hufikia nguvu zake kamili baada ya saa 72, basi siku tatu hizo msiifute kwa kitu chochote.

Bei mara nne ni kweli, lakini ulitajiwa bei kwa karatasi. Paneli zako tano zote zinaenea kwenye shiti moja ukizipanga vizuri, na gharama kubwa iko kwenye kutengeneza skrini, ambayo ni ile ile uchape moja au ishirini. Chapisha mbili za akiba kwa kila mashine uziweke bapa kabatini.

SWALI

Fundi, nina boti mbili za abiria hapa Ujiji. Nataka jina, namba na maonyo ya injini yachapwe kwenye hiyo polikaboneti mnayoisifia, nibandike ubavuni na kwenye kifuniko cha injini.
Nahodha, Ujiji

JIBU

Nahodha, usifanye hivyo. Polikaboneti inakumbuka kwamba ilizaliwa bapa. Ukiilazimisha kwenye mviringo wa kifuniko cha injini, gundi itapigana nayo mchana na usiku, na jua la hapa, sisi ambao tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, litaisaidia karatasi dhidi ya gundi. Wiki chache, kona zimesimama.

Kwa mviringo, vinili ndiyo mahali pake, ila uwe makini na aina. Kuna vinili iliyosukumwa kwa rola mpaka ikawa nyembamba, hiyo hurudi na kusinyaa, utaona mstari wa gundi chafu umeizunguka. Kuna iliyomiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa. Hiyo ni laini, inalala kwenye kona na hainywei hovyo. Omba hiyo ya pili, na juu yake ipigwe karatasi angavu ya kuzuia miale ya urujuanimno. Jina na namba ya ubavuni, boti ikiwa ya mbao, kwa heshima zote mpelekee mchoraji mwenye brashi. Hakuna stika inayoshika vizuri kwenye mbao inayovimba na kusinyaa na maji.

Onyo la kwenye tangi la petroli kama ni lile jekundu la plastiki laini, gundi za kawaida hazilishiki kabisa. Chonga kwa chuma cha moto tangi likiwa jipya, halijawahi kuwekwa petroli hata tone, au funga kibao kwa kamba.

Polikaboneti ina nafasi moja kwenye boti yako: paneli ya swichi za taa na pampu karibu na usukani, ikiwa bapa na chini ya paa. Hapo sema unataka iliyokingwa dhidi ya jua. Ile ya kawaida ya ndani ya nyumba hugeuka manjano na kukakamaa.

SWALI

Nimenunua shiti tano, muuzaji ameniambia ni polikaboneti halisi. Nitahakikishaje mimi niliyeko Kasulu bila maabara?
Mchapaji wa Kasulu

JIBU

Swali hili linanigusa, kwa sababu niliwahi kuagiza furushi zima kutoka Dar kwa muuzaji niliyemwamini, likaja kwa treni, nikachapa paneli za mteja, na nilipozipitisha kwenye joto la kukaushia wino zikajikunja kama majani ya mgomba jikoni. Ilikuwa vinili ngumu ya kung'aa. Mteja nilimrudishia hela yake yote. Tangu hapo sichapi kabla sijapima, na vipimo vyangu ni vitatu, vinavyofuatana.

Kata kipande cha upana wa vidole viwili. Kikunje kabisa, uso kwa uso, ukibane kwa kidole. Kikivunjika, ni akriliki, usihangaike nacho. Polikaboneti itaacha mstari tu.

Kikipita hapo, chemsha maji kwenye sufuria na ukitumbukize kwa koleo. Vinili italegea kama tambi. Polikaboneti itabaki ngumu kama ilivyoingia.

Kikipita na hapo, kinaweza kuwa polikaboneti au poliesta, na hawa wawili kwa macho wanafanana sana. Weka tone moja la asetoni, uko nje penye hewa, ungoje dakika moja. Polikaboneti inageuka nyeupe kama maziwa pale tone lilipokaa, poliesta haishtuki. Kama hujawahi kuona weupe huo, jifunze kwa CD ya zamani: weka tone upande usio na maandishi, ule unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na jicho lako halitasahau.

Tahadhari moja. Shiti nyingine zimepakwa koti gumu upande mmoja au zote mbili, na koti hilo huikataa asetoni. Kwa hiyo weka tone na kwenye ukingo mliokata, mahali ambapo plastiki yenyewe iko wazi. Vipimo vya kuchoma moto ninavijua pia, lakini siwafundishi hapa. Moshi wa vinili una asidi, na warsha zetu nyingi ni chumba kimoja chenye watoto wanaopita.

Na ukiagiza tena, omba zisafirishwe bapa kati ya mbao mbili. Zilizoviringishwa mviringo mdogo hufika zimejifunza kujikunja, utapata taabu kuzilaza kwenye meza ya skrini.

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana, nimeanza skrini mwaka huu hapa Tabora. Nilichapa paneli kumi za mashine za kuchuja asali kwenye polikaboneti, upande wa nyuma kama ulivyowahi kufundisha. Zilitoka nzuri sana. Nikabandika gundi ya pande mbili jioni ile ile. Siku ya tatu mteja alitaka tuhamishe moja, nilipoivuta wino wote ukabaki kwenye gundi, na karatasi nilipoikunja ikavunjika. Nilitumia wino wa vinili niliokuwa nao. Kosa ni wino?
Kijana wa skrini, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu. Umenieleza mambo mawili kwa pamoja, wino kubanduka na karatasi kuvunjika, na umefanya vizuri kutoacha la pili, kwa sababu hilo ndilo lililonipa jibu. Polikaboneti nzima haivunjiki ikikunjwa. Iliyovunjika imelewa kiyeyusho.

Wino wa vinili siulaumu kwanza. Upo unaoshika polikaboneti vizuri tu, ukisoma kopo lake utaona umeandikwa unafaa. Ninachotaka kujua ni ulizimua kwa nini. Nilimpigia simu mhariri anipatie namba yako, ukaniambia wino ulikuwa mzito ukaongeza thina ya rangi ya magari. Basi ndiyo hiyo. Thina ya magari ina viyeyusho vikali ambavyo vinaingia ndani ya polikaboneti na kuilegeza kabla havijaruka. Kiyeyusho cha wino kinatakiwa kiing'ate karatasi kidogo tu, kiasi cha wino kushika, kisha kiondoke. Tumia kile kilichotengenezwa na kiwanda cha wino wako, kwa kipimo walichoandika, hata kama ni ghali na chupa ni ndogo.

La pili ni haraka. Wino ulipoushika kwa kidole jioni ulikuwa mkavu juu, chini ulikuwa bado. Ulipobandika gundi uliufungia kiyeyusho ndani, hakina pa kutokea, kikarudi kwenye karatasi na kwenye gundi. Zipange karatasi kwenye rafu zenye nafasi, usizibebanishe, upepo upite juu na chini, na kila rangi ikae mpaka ikauke ndiyo uje na nyingine. Rangi ya mji, ambayo ni nene na umeipitisha mara mbili, mimi huiacha usiku kucha hata kipindi cha kiangazi. Nina namna yangu ya kujua: naweka kipande kilichochapwa kwenye mfuko wa plastiki usio na tundu, naufunga, nauacha saa moja mahali pa joto, kisha naufungua karibu na pua. Harufu ya wino ikinipiga, gundi inasubiri kesho.

Halafu jizoeze kipimo hiki kabla ya kila kazi ya mteja. Chapa kipande, kiache siku nzima. Chukua wembe mpya, chora mistari 11 iliyoachana milimita 1, kisha 11 mingine ikiikata ile ya kwanza, upate vijumba 100. Wembe upite kwenye wino tu, usiizamie karatasi. Bandika selotepu nzuri juu yake, isugue kwa ukucha, ivute kwa nguvu mara moja. Hesabu vijumba vilivyoondoka. Kimoja kimoja pembeni naweza kuvumilia. Vikitoka kwa mkupuo, simamisha kazi, tafuta sababu: inawezekana ni kiyeyusho, inawezekana umechapa upande wenye koti gumu, au ni mafuta ya vidole vyako.

Hilo la vidole, na vumbi. Tabora kiangazi ni pakavu, na ukivuta ile karatasi nyembamba ya kulindia shiti, plastiki inapata umeme na kunyonya vumbi lote la chumba. Mimi humwaga maji sakafuni kwanza, navuta polepole, kona hadi kona, na naichapa shiti hiyo hapo hapo. Zilizobaki zinakaa na ngozi yake.

Na hao wenye mashine ya leza wanaokuambia watakukatia haraka, usiwape polikaboneti. Leza inaiunguza, ukingo unatoka wa kahawia na masizi yanaruka juu ya kazi. Kata kwa kisu kikali na rula ya chuma, au kwa kisu cha kugonga kama kazi ni nyingi.

Paneli tisa zilizobaki kwa mteja ziondoe zote, mwanangu, hata zile zinazoonekana nzima, maana zimelewa pia. Mwambie ukweli kabla hazijaanza kupasuka zenyewe. Ukishapata kiyeyusho sahihi, chapa vipande viwili, kimoja cha wino mweusi na kimoja cha njano, vipime kwa wembe, kisha nitumie kupitia kwa dereva wa basi la Kigoma. Nitavikunja na kuvivuta mwenyewe, na jibu utalipata kwa simu siku hiyo hiyo.